Jemadari: Cheo Kilichopanda Kilipovuka Bahari



Neno letu la leo ni la jeshi, nalo ni jemadari. Tutaangalia maana yake, lilikotoka, linavyotumika, na namna ya kulifasiri kwa Kitamil. Kitamil ni lugha ya Tamil Nadu, jimbo la kusini kabisa mwa India. Ni lugha rasmi pia nchini Sri Lanka pamoja na Kisinhala, na ni mojawapo ya lugha nne rasmi za Singapore. Wengi wenu mna ndugu waliokwenda kutibiwa Chennai au Vellore, na huko walikisikia Kitamil wodini, sokoni na kwenye bajaji. Kwa hiyo si lugha ya watu wa mbali nasi kiasi tunachodhani.

Tuanze nyumbani. Kwa Mswahili, jemadari ni mkubwa. Ni kiongozi wa jeshi, mtu anayepanga vita na kuamrisha maelfu. Mgombea akipanda jukwaani, mshika kipaza sauti humwita "jemadari wetu" na uwanja mzima ukaitikia. Wapo wanaume waliopewa jina hilo wakiwa wachanga, na wazazi wao walikuwa wakiwatakia ukubwa. Waliotafsiri Biblia ya Kiswahili ya Union Version, iliyotoka mwaka 1952, walipofika Kitabu cha Pili cha Wafalme, mlango wa 5, walikutana na Naamani, yule mkuu wa jeshi la Shamu aliyekuwa na ukoma. Wakamwita jemadari. Msomaji wa Kiswahili haulizi Naamani alikuwa na cheo gani. Neno lenyewe linamwambia kwamba juu yake alikuwapo mfalme peke yake.

Lakini nenda kambini ukamtafute jemadari, hutampata. Jeshi la Wananchi wa Tanzania, lililoundwa tarehe 1 Septemba 1964, lina luteni usu, luteni, kapteni, meja, luteni kanali, kanali, na vyeo vya juu yake hadi jenerali. Rais ni Amiri Jeshi Mkuu. Hakuna afisa aliyevalishwa cheo kinachoitwa jemadari. Neno hili linamtaja mtu kwa kazi yake ya kuongoza vita. Kuhusu nyota zilizo begani mwake halisemi kitu. Hilo tulishike, kwa sababu ndipo fasiri nyingi zinapoharibikia.

Sasa tuvuke bahari. Neno lilitoka India, kwenye lugha ya Kihindustani, ambako husemwa jamadar au jemadar. Sehemu yake ya kwanza ni ile ile jamaa tuliyoipata sisi kutoka Kiarabu, yaani kundi la watu. Sehemu ya pili, dar, ni ya Kiajemi, na maana yake ni mwenye kushika. Jemadar basi ni mshika kundi. Kwa mtindo huo huo Wahindi walipata subedar, mshika jimbo, na havildar, aliyekabidhiwa dhamana. Kundi la jemadar linaweza kuwa la watu kumi au la watu elfu. Asili ya neno haitaji idadi. Idadi iliwekwa na majeshi yaliyolitumia, kila jeshi kwa utaratibu wake.

Kampuni ya Kiingereza ya India Mashariki ilipounda majeshi yake huko India, iliyachukua majina hayo na kuyapanga ngazi kwa ngazi. Chini kabisa alikuwa sipahi, askari wa kawaida. Juu yake naik, kisha havildar, ambao ni kama koplo na sajini. Ndipo akaja jemadar, na juu ya jemadar subedar. Baadaye kikawapo na cheo cha subedar mkuu wa kikosi kizima. Hapo ndipo ngazi ya Mhindi ilipokomea. Afisa wa Kiingereza, hata kijana aliyetoka chuoni mwezi uliopita na asiyejua lugha ya askari wake, alikuwa juu ya jemadar mwenye mvi na makovu ya vita vitatu. Jemadar wa jeshi hilo alikuwa mtu wa maana kwa watu wake: aliwasemea, aliwasuluhisha, aliwaongoza kwenye mapigano. Lakini kwa cheo alikuwa afisa wa chini, na jeshi lenyewe lilipangwa ili asipande zaidi.

Ilikuwaje basi afisa wa chini akafika kwetu akawa mkuu wa majeshi?

Jibu liko katika miji yetu ya pwani. Masultani wa Kiomani walipotawala kutoka Zanzibar katika karne ya 19, walitegemea sana askari wa kukodi wa Kibaluchi, watu wa pande za Makran, kati ya Uajemi na India. Wabaluchi hao waliwekwa katika ngome na vituo vya pwani, na wajukuu zao wapo Mombasa na Zanzibar hadi leo. Kila kikosi kilikuwa na jemadari wake. Mwaka 1857, Richard Burton na John Speke walipoondoka Zanzibar kwenda bara kuyatafuta maziwa makuu, Sultani Majid aliwapa walinzi wa Kibaluchi, kikundi kidogo tu, nao wakaongozwa na jemadari.

Tazameni sasa hali ilivyokuwa kwa mwenyeji wa mji kama huo. Askari wa Sultani anawaona, na mkubwa wao anamwona. Hamwoni subedar juu yake, wala luteni wa Kiingereza, wala jenerali wa Madras, Chennai ya leo. Juu ya jemadari yupo liwali, na juu ya liwali yupo Sultani. Kwa macho ya mji, jemadari ndiye kilele cha mambo yote ya vita. Mimi naamini hapo ndipo neno lilipopandishwa daraja. Waswahili walilipa uzito wa yule mtu waliyemwona, na wakati huo wale waliokuwa juu yake huko India hawakupanda jahazi kuja naye.

Huko nyuma India, neno lile lile lilishuka. Katika miji mingi ya kaskazini mwa India na Pakistani, jamadar likawa jina la mfagiaji wa barabara na msafisha vyoo. Na mwaka 1965 jeshi la India liliacha kulitumia kama cheo. Afisa yule sasa anaitwa naib subedar, yaani naibu wa subedar. Neno moja, basi, katika pwani moja ni mkuu wa majeshi na katika mji mwingine ni mtu wa ufagio.

Watamil nao walikutana na jemadar, na walimjua vizuri kuliko sisi, kwa sababu jeshi la Madras liliandikisha watu kutoka kwao. Kitamil kilimpokea kwa jina lake, jamedar, pamoja na wenzake: sippai kwa sipahi, kisha havildar na subedar. Mwaka 1806, tarehe 10 Julai, askari wa Kihindi waliinuka usiku ndani ya ngome ya Vellore. Walikuwa wamekatazwa alama za dini kwenye paji la uso, wameamriwa kupunguza ndevu, na kuvikwa kofia ya namna mpya yenye pambo la ngozi. Katika maasi hayo walikuwamo masubedar na majemadar. Ngome ile bado imesimama, na mgonjwa wa Kitanzania au wa Kikenya anayetibiwa Vellore huweza kuiona akipita. Huko ndiko jemadar wa Kitamil alikoishi: ni afisa wa kundi dogo, karibu na askari wake, mbali na makao makuu.

Kwa mkuu wa jeshi, Kitamil kina maneno yake mengine. La kwanza ni padaithalaivan. Padai ni jeshi. Thalaivan ni kiongozi, na limetokana na thalai, kichwa. Ukitaka kumpa mtu heshima, Kitamil hubadili mwisho wa neno, thalaivan linakuwa thalaivar. Ndiyo maana leo utasikia zaidi padaithalaivar. Neno padai lina mizizi mirefu. Tirukkural, kitabu cha kale cha hekima cha Watamil, kina milango miwili mizima inayohusu padai, sifa zake na fahari yake. Mahekalu sita makuu ya Murugan, mungu wa vita wa Watamil, huitwa arupadai veedu, yaani makambi sita ya jeshi, na mahujaji hupanda kilima cha Palani, penye mojawapo ya hayo, kwa maelfu.

La pili ni thalapathi. Asili yake ni Kisanskriti, dala kwa maana ya kikosi na pati kwa maana ya bwana, lakini Watamil wamekwisha kulifanya lao. Mkuu wa jeshi la Sri Lanka kwa Kitamil ni iranuva thalapathi. Katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Sri Lanka, vilivyoanza mwaka 1983 na kumalizika 2009, wakuu wa jeshi la serikali waliitwa thalapathi, na wakuu wa wapiganaji wa Tamil Tigers waliitwa thalapathi vilevile.

Na hapa ndipo Kitamil na Kiswahili vinapokutana vizuri. Thalapathi, kama jemadari wetu, limetoka kambini likaingia uwanjani na jukwaani. M. K. Stalin, mwanasiasa wa Tamil Nadu, kwa miaka mingi wafuasi wake wamemwita Thalapathi. Mwigizaji Vijay mashabiki wake walimwita thalapathi kijana, kisha wakamwita Thalapathi tu. Mwaka 1991 Mani Ratnam alitoa filamu yenye jina hilo, na nyota wake alikuwa Rajinikanth. Hakuna kati ya hao aliyekabidhiwa kikosi. Anayeitwa hivyo anasifiwa kwa kuongoza watu, kwa ujasiri na kwa kusimama mbele. Ndivyo hasa tunavyofanya sisi tunapomwita mtu jemadari.

Sasa turudi kwa Naamani. Biblia ya Kitamil ilipofika mahali pale pale, ilimwita padaithalaivan. Haikumwita jamedar, ingawa neno hilo lilikuwapo katika Kitamil na lilijulikana kila kambi. Wafasiri wale walielewa kwamba mkuu wa majeshi ya mfalme hawezi kupewa cheo cha afisa wa kundi dogo. Kwa hiyo mnao ushahidi mezani: mtu mmoja, cheo kimoja, Kiswahili kinasema jemadari, Kitamil kinasema padaithalaivan. Hiyo ndiyo fasiri sahihi. Anayefasiri jemadari kuwa jamedar kwa kuwa sauti zinafanana, amemvua Naamani cheo chake.

Kuna mahali ambapo maana hizi mbili zilisimama kwenye ardhi moja, napo ni Tanga. Mwanzoni mwa Novemba 1914, kikosi cha Waingereza kutoka India, askari wapatao 8,000 chini ya Meja Jenerali Arthur Aitken, kilishuka Ras Kasone ili kuuteka mji kutoka kwa Wajerumani. Kiliwakuta askari wapatao 1,000 wa Paul von Lettow-Vorbeck, wengi wao Waafrika. Katika vikosi vya India kulikuwa na kikosi cha 63 cha Palamcottah, na ndani yake walikuwamo Watamil. Palamcottah ni matamshi ya Kiingereza ya Palayamkottai, mji ulio kusini mwa Tamil Nadu, pembeni mwa Tirunelveli. Jina lenyewe ni la vita: palayam ni kambi ya jeshi, kottai ni ngome. Watu wa kikosi chenye jina la ngome ya kambi walikuja kupigana kwenye mashamba ya minazi na mikonge ya Tanga.

Walikuwa wamekaa wiki kadhaa ndani ya meli zilizojaa, wakateremshwa kwenye nchi wasiyoijua, wakakutana na bombomu. Kikosi chao kilivunjika. Nyuki wa msituni nao wakawashambulia, na ndiyo maana wengi huvikumbuka vita vile kwa nyuki. Tarehe 5 Novemba waliosalia walipanda meli, wakiacha nyuma mamia ya waliokufa na shehena ya bunduki na risasi.

Fikirini siku ile, mwenyeji wa Tanga angemsikia askari wa kikosi cha Palamcottah akimtaja jemadar wake. Kwa sikio la Mswahili, anayetajwa ni mkuu wa vita, yule aliyeleta meli zote hizo. Kwa askari mwenyewe, anayetajwa ni afisa wa kundi lake, mtu wa kwao, ambaye huenda amelala mita chache mbele yake chini ya mnazi. Jemadari kwa maana ya Kiswahili siku ile alikuwa Aitken upande mmoja na Lettow-Vorbeck upande wa pili. Majemadar wa Kihindi walikuwa wengi, na walikufa pamoja na watu wao.

Upande wa Wajerumani nako vyeo vya askari Waafrika vilitoka mbali. Hermann von Wissmann alipounda jeshi lake mwaka 1889, alichukua Wasudani kutoka Cairo, nao walikuja na majina ya vyeo ya Kituruki: ombasha, shaushi, sol, na efendi juu ya wote. Efendi ndicho kilikuwa kilele cha askari mweusi, kama subedar na jemadar walivyokuwa kilele cha Mhindi. Waingereza nao, walipokaribia kuondoka, waliwawekea askari wa Keya, yaani King's African Rifles, cheo cha efendi. Idi Amin wa Uganda alikipata mwaka 1959, na kwa Mwafrika katika jeshi lile hakukuwa na cha juu zaidi. Leo efendi amekuwa afande, na kuruta humwita hivyo yeyote aliye juu yake, kuanzia koplo. Kwa hiyo askari waliopigana Tanga, wa pande zote mbili, walibeba vyeo vya lugha ambazo wengi wao hawakuzaliwa nazo, na kila cheo kiliwekewa dari na mtawala.

Hayo yana faida gani kwa mtu wa leo? Yana faida kubwa. Kwa miaka mingi askari wa India wamelinda amani mashariki mwa Kongo, Goma na vitongoji vyake, mahali ambapo Kiswahili ndicho lugha ya soko na ya barabara. Tangu mwaka 2013 askari wa Tanzania nao wamekuwa huko. Mwandishi wa habari anayezungumza na naib subedar, mkalimani anayekaa kati ya afisa wa Kihindi na chifu wa kijiji, mwanafunzi anayetafsiri historia ya vita vya 1914, wote hukutana na swali hili: huyu ni nani, na kwa lugha yangu nimwiteje?

Mimi nashauri maswali matatu kabla ya kuandika neno. La kwanza, anaongoza watu wangapi? La pili, anampigia nani saluti? La tatu, nani alimpa cheo, na je, cheo hicho kina njia ya kupanda zaidi? Ukishayajibu, neno litajileta.

Ukiwa na jemadari wa Kiswahili, yaani mkuu wa vita wa historia, wa dini au wa sifa, kwa Kitamil mwite padaithalaivar au thalapathi. La kwanza linafaa zaidi kwa mambo ya kale na maandiko. La pili linafaa kwa jeshi la sasa, siasa na mapenzi ya watu. Ukiwa na Amiri Jeshi Mkuu, Kitamil kinasema muppadaigalin thalaimai thalapathi, yaani mkuu wa juu wa majeshi matatu, la nchi kavu, la maji na la anga. Ukikutana na jemadar wa jeshi la India la zamani, usimwandike jemadari. Andika jemadar, afisa wa chini wa Kihindi, msomaji aelewe. Kwa Kitamil ni jamedar. Ukikutana na wa sasa, ni naib subedar katika lugha zote mbili. Na vyeo vya kawaida, viache vitamkwe kama wenyewe wanavyovitamka. Sisi tunasema kanali. Watamil wa India wanasema karnal, na wa Sri Lanka wanaandika kenal. Hata ndani ya Kitamil, kwa hiyo, muulize kwanza msomaji wako yuko upande gani wa mlango wa bahari.

Kuna jambo la mwisho, nalo ni letu sisi wenyewe. Tunalo neno zito ambalo wahenga wa pwani walilipandisha wakalifikisha juu. Siku hizi tunalitupa kwa kila mwenye kipaza sauti na pesa za mafuta ya gari. Jemadari ni yule anayetangulia mbele ya watu wake na kubeba lawama wanaposhindwa. Asiyefanya hivyo ana majina mengine mengi katika Kiswahili, na yanamtosha.

Nawaomba basi walimu, wafasiri na waandishi wenzangu: msifasiri cheo kwa kufuata sauti. Mtafuteni kwanza mwenye cheo, muone anasimama wapi, ndipo mumwandike. Na ninyi wasikilizaji, mkisikia mtu anaitwa jemadari, ulizeni ameongoza nini.